Marekebisho yaliyozama ndani ya komiti ya muungano

Kwa miaka mingi kwenye timu yetu, mtu akipitia historia ya msimbo kwenye Git, programu inayotunza kila hatua ya mabadiliko, na kukutana na komiti ya muungano, alikuwa anairuka. Komiti ni hatua moja iliyohifadhiwa; ya muungano ni ile inayounganisha matawi mawili, yaani njia mbili za kazi zilizoachana. Ujumbe wake umeandikwa na Git yenyewe, na ukiifungua mara nyingi huoni kitu. Hata skripti yetu ya kuandaa orodha ya mabadiliko kabla ya kupandisha toleo jipya ilikuwa na `--no-merges` ndani yake, kana kwamba miungano yote ni kelele za kuchujwa. Mazoea hayo yalitugharimu, na nataka nieleze yalivyotugharimu kwa undani, kwa sababu najua timu nyingi zinafanya kazi hivyo hivyo hadi leo.

Tunatengeneza mfumo wa kupokea malipo ya ankara za maji. Mteja analipa kwa simu, mtandao wa simu unatutumia taarifa ya malipo, sisi tunaiandika kwenye akaunti ya mteja. Yeyote aliyewahi kufanya kazi na malipo ya simu anajua kwamba ukichelewa kujibu, taarifa ile ile inatumwa tena. Usipoangalia namba ya muamala kabla ya kuandika, malipo mamoja yanaingia mara mbili. Marekebisho ya kuzuia hilo niliyaandika mwenyewe, pamoja na jaribio lake, msimbo mfupi unaohakikisha yanafanya kazi. Yakakaguliwa, yakaingia tawi kuu, yakapanda kwenye seva, mambo yakawa shwari.

Miezi kadhaa baadaye mhasibu wa mamlaka ya maji tunayoihudumia akanipigia simu. Nikamwamkia, naye hakuzunguka.

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, hizi hela za ziada mmezitoa wapi? Mfumo wenu unasema zimeingia, benki hazipo."

Akanitumia picha ya orodha aliyoichapisha na kuzungushia kalamu nyekundu: mita ile ile, kiasi kile kile, namba ya muamala ile ile, tofauti ni sekunde tu. Nilijua papo hapo ni tatizo gani. Nisichoelewa ni kwa nini lilikuwa limerudi.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuuliza kama marekebisho yangu yamo kwenye toleo lililoko kwenye seva. Amri ya `git branch --contains` pamoja na namba ya komiti yangu ikajibu kwamba ndiyo, tawi kuu linayo, na tawi la toleo linayo. Nikafungua faili lenyewe: ile mistari miwili ya kuangalia namba ya muamala haipo. Nikaendesha `git log` kwa faili hilo peke yake, nione nani ameifuta. Hakuna aliyeifuta. Kibaya zaidi, komiti yangu yenyewe haikuwemo kwenye orodha, kana kwamba sijawahi kuligusa faili hilo.

Ukiwa peke yako na skrini, majibu mawili ya namna hiyo yanakufanya uanze kushuku kila kitu. Moja linasema marekebisho yamo, jingine linasema hayajawahi kuwepo. Na yote mawili ni kweli.

Ili kuelewa, inabidi ujue Git inahifadhi nini. Chukua komiti yoyote ya kawaida uipitishe kwenye `git cat-file -p`. Utaona mstari wa `tree`, ambao ni picha nzima ya mafaili yote wakati ule, mstari mmoja wa `parent`, jina la mwandishi, jina la aliyeiweka, kisha ujumbe. Tofauti kati ya komiti na mzazi wake haijaandikwa popote. Inakokotolewa pale unapoiomba. Komiti ya muungano ni kitu hicho hicho, ila mistari ya `parent` ni miwili. Inaweza kuwa zaidi: mwaka 2014 iliingia kwenye msimbo wa Linux komiti moja yenye wazazi 66, na Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux na wa Git, akalalamika kwamba hapo wamepitiliza. Lakini kwa kazi za kila siku ni wawili.

Sasa, komiti ikiwa na wazazi wawili, ukisema "nionyeshe kilichobadilika" swali lako halijakamilika. Kimebadilika ukilinganisha na mzazi yupi? `git log -p`, usipoiambia, haionyeshi chochote kwa muungano. `git show` inajitahidi zaidi, inaonyesha tofauti za pamoja, lakini faili linaingia humo pale tu linapotofautiana na wazazi wote wawili. Likiwa sawa kabisa na la mzazi mmoja, linaachwa. Na `git log` ya faili moja inakwenda mbali zaidi: ikifika kwenye muungano na kukuta faili liko sawasawa na la mzazi mmoja, inafuata njia ya mzazi huyo na kuiacha ile nyingine yote. Mantiki yake ni kwamba inakuambia kwa ufupi jinsi faili lilivyofika hapa lilipo. Komiti yangu haikuchangia chochote kwenye faili kama lilivyo sasa, kwa hiyo haikustahili kutajwa. Ukitaka nzima nzima unaongeza `--full-history`, na nilipoiongeza, komiti yangu ikajitokeza, na juu yake kidogo muungano ambao sikuwahi kuutazama.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu `git bisect`, inayotafuta komiti iliyoleta kosa kwa kuipima historia nusu kwa nusu, na inafaa niseme kilichotokea. Ikiendeshwa kama ilivyozoeleka, inaingia hadi ndani ya tawi la pembeni, na huko inakuta komiti ambazo zilianza kabla ya marekebisho yangu. Hizo zote zinashindwa jaribio, kwa sababu hazijawahi kuwa nayo, basi lawama inaangukia komiti isiyohusika. Tangu Git 2.29 ya mwaka 2020 kuna `git bisect start --first-parent`, inayotembea kwenye mgongo wa tawi kuu tu. Hiyo ilinipeleka kwenye muungano ulioingiza tawi la mwenzetu kwenye tawi kuu, na kutoka hapo nikarudi nyuma hadi muungano wa kwanza, ule uliofanyika ndani ya tawi lake.

Kilichotokea ni hiki. Mwenzetu alikuwa na tawi la muda mrefu la kusafisha msimbo wa malipo: majina ya vigezo, mpangilio wa mafaili. Wakati yeye anaendelea, marekebisho yangu yakaingia tawi kuu. Siku alipovuta tawi kuu ndani ya tawi lake, faili likagongana: pande zote mbili zilikuwa zimebadilisha sehemu ile ile, na Git ikamwachia yeye achague. Alichokiona kilikuwa vipande viwili, chake na cha tawi kuu. Chake kilikuwa kipya na kisafi, kile kingine kina majina ya zamani aliyokuwa ametumwa kuyaondoa. Akachukua chake chote. Faili la majaribio nalo liligongana, likapata hukumu ile ile, jaribio langu likaondoka pamoja na kile lilichokuwa linakilinda. Majaribio yote yakapita kijani.

Tawi lake lilipoingia tawi kuu hapakuwa na mgongano hata mmoja. Na hapa Git ilifanya kazi yake sawasawa. Inapounganisha inatafuta komiti ya karibu ambayo pande zote mbili zimetokana nayo, kisha inauliza kila upande umebadilisha nini tangu hapo. Kwa kuwa tayari alikuwa amevuta tawi kuu, hiyo komiti ya pamoja ilikuwa na marekebisho yangu ndani yake. Kwa macho ya Git, upande wake umeifuta mistari miwili kwa makusudi, upande wa tawi kuu haujaigusa, basi ifutwe. Kumbukumbu hii ya nani ameshaunganishwa na nani ndiyo waliyoikosa watu wa CVS, mfumo wa zamani wa kazi hii, na waliotumia Subversion iliyoufuata hawakuipata hadi toleo la 1.5 mwaka 2008. Nisingependa kurudi huko. Ila inamaanisha kwamba uamuzi uliofanywa ndani ya muungano unaheshimiwa kama uamuzi mwingine wowote, na ukikosewa, hautaulizwa tena.

Mkaguzi je? Ile mistari miwili iliyofutwa ilionekana kwenye ukaguzi wa mwisho, ndiyo. Ilikuwa ndani ya faili ambalo karibu kila mstari wake ulikuwa mwekundu upande mmoja na kijani upande wa pili kwa sababu ya kubadilisha majina. Sidhani kuna mtu angeiona, na simlaumu aliyekagua wala aliyeunganisha. Mwenzetu aliamua kwa alichoonyeshwa, na alichoonyeshwa hakikutosha.

Tuanze na hilo la kuonyeshwa, maana ndilo badiliko dogo lililoleta faida kubwa kuliko yote. Mgongano wa kawaida unakupa pande mbili bila kukuambia hali ilikuwaje kabla hazijaachana. Ni kama kusuluhisha ugomvi wa mpaka kwa kuwasikiliza ndugu wawili bila kumwita mzee anayejua jiwe lilikuwa wapi. Ukiweka `merge.conflictStyle` kuwa `diff3`, kipande cha tatu kinaongezeka katikati. Mgongano wetu ungeonekana hivi, cha mwenzetu juu (`HEAD`), cha tawi kuu chini (`kuu`):

```
<<<<<<< HEAD
def pokea(taarifa):
    akaunti = tafuta_akaunti(taarifa.namba_mita)
    andika_malipo(akaunti, taarifa.kiasi)
||||||| 4be91c2
def pokea(t):
    akaunti = tafuta_akaunti(t.mita)
    andika_malipo(akaunti, t.kiasi)
=======
def pokea(t):
    if imeshaandikwa(t.muamala):
        return
    akaunti = tafuta_akaunti(t.mita)
    andika_malipo(akaunti, t.kiasi)
>>>>>>> kuu
```

Linganisha cha katikati na cha juu: mmoja amebadilisha majina tu. Linganisha cha katikati na cha chini: mwingine ameongeza mistari miwili na hakugusa kitu kingine. Sasa kazi iko wazi, chukua majina mapya na uweke ile mistari miwili. Ukiondoa kipande cha katikati huwezi kujua kama tawi kuu limeongeza ule ukaguzi au mwenzetu ndiye aliyeuondoa kwa sababu zake. Tangu Git 2.35 ya Januari 2022 kuna `zdiff3`, inayofanya hivyo hivyo lakini inapunguza mistari inayofanana juu na chini ya mgongano. Mimi natumia hiyo. Tuliiweka kwenye mashine za wote na tukaiandika kwenye maelekezo ya mgeni anayeanza kazi.

Kurudisha marekebisho yenyewe hakukuwa kugumu, ila njia mbili zinazokuja kichwani haraka hazifai. Kuunganisha tena lile tawi dogo nililofanyia marekebisho hakusaidii, Git inajibu kwamba hakuna kipya, kwa sababu komiti ile tayari imo kwenye ukoo. Kuutengua muungano wa tawi la mwenzetu kwa `git revert -m 1` kungerudisha mistari yangu, lakini kungeondoa kazi yake yote, na kuacha mtego mwingine: ukishatengua muungano kisha ukarekebisha tawi na kuliunganisha tena, zinakuja komiti mpya tu, zile za zamani hazirudi, mpaka uutengue kwanza ule utenguzi. Torvalds aliwahi kulieleza jambo hili mwezi Desemba 2008, na maelezo yake bado yamo kwenye nyaraka zinazokuja na Git yenyewe. Nimewahi kuona timu nyingine ikihangaika nalo. Sisi tulitumia `git cherry-pick` kwa komiti yangu ya zamani. Yenyewe haijali ukoo, inachukua tofauti kati ya komiti na mzazi wake na kuipaka upya. Ikagongana kwenye majina, safari hii na kipande cha katikati, na ikakaa sawa. Jaribio likarudi pamoja nayo. Mhasibu tukampa orodha ya miamala iliyojirudia, akaikata mmoja mmoja kwa saini yake, kazi aliyoifanya kwa subira ambayo bado namshukuru.

Lakini kurudisha mistari miwili kulituachia swali ambalo lilinikosesha usingizi. Kama muungano mmoja ulimeza marekebisho bila mtu kujua, mingine mingapi imefanya hivyo?

Hapa ndipo nilipoifahamu `--remerge-diff`, iliyokuja na Git 2.36 ya Aprili 2022. Kwa kila muungano wenye wazazi wawili, Git inaurudia upya pembeni, kimashine, ikiiacha migongano na alama zake zote. Kisha inalinganisha matokeo hayo na muungano uliohifadhiwa. Kinachobaki kwenye skrini ni kile alichokifanya mtu kwa mkono wake. Muungano uliopita wenyewe bila mgongano hauonyeshi kitu. Uliosuluhishwa unaonyesha alama za mgongano zikiondolewa, na mistari ipi ilichaguliwa na ipi ikatupwa. Nilipoielekeza kwenye muungano wa mwenzetu, mistari yangu miwili ilikuwa pale, kila mmoja na alama ya kutoa mbele yake. Faili lile lile ambalo `git show` ilikuwa imelinyamazia.

Angalizo kwa anayetaka kuijaribu: Ubuntu 22.04 inakuja na Git 2.34.1, matoleo mawili nyuma ya hilo, kwa hiyo amri itakataa na utadhani umekosea kuandika. Sasisha Git kwanza. Debian 12 iko sawa.

Tukapitia miungano yote ya mfumo wa malipo kwa `git log --merges --remerge-diff`. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko ngumu, kwa sababu miungano mingi ni mitupu na inapita haraka. Iliyobaki tuliigawana, na kila mmoja alikagua ile ambayo hakuifanya. Tulikuta mingine michache iliyokuwa imedondosha kitu. Mmoja ulikuwa umerudisha ujumbe wa zamani wa simu wenye jina la huduma lililobadilishwa, jambo dogo. Mwingine ulikuwa umeondoa sharti la kuangalia kiasi kisichozidi kiwango fulani, na huo haukuwa mdogo hata kidogo. Bahati yetu haukuwa umemfikia mteja.

Skripti ya toleo ndiyo iliyofuata. `--no-merges` ikaondoka, ikawekwa `--first-parent`, ili orodha ya mabadiliko iwe ni orodha ya miungano kwenye tawi kuu, kila mmoja na ujumbe unaoeleweka. Hiyo inafanya kazi pale tu mzazi wa kwanza anapokuwa kweli tawi kuu. Mtu akiwa na komiti zake kwenye mashine, akavuta tawi kuu juu yake na kusukuma moja kwa moja, wazazi wanabadilishana nafasi, na historia ya wote inageuka kuwa pembeni. Tukafunga mlango huo kwenye seva: tawi kuu halipokei msukumo wa moja kwa moja. Na seva inapoandaa tawi kwa ukaguzi, sasa inamwekea mkaguzi matokeo ya `--remerge-diff` ya kila muungano uliomo ndani yake, kama ukurasa wa peke yake. Mara nyingi ukurasa huo ni mtupu. Ukiwa na kitu, ndicho kinachosomwa kwanza.

Kuna waliosema tuachane na miungano kabisa, kila mtu afanye `git rebase`, yaani azipange komiti zake upya juu ya tawi kuu la sasa, na historia iwe mstari mmoja. Nilisikiliza na sikukubali kwa matawi ya muda mrefu. `git rebase` ya kawaida inaiondoa miungano yote njiani, na uamuzi uliokuwa ndani yake unaondoka nayo; unalazimika kuufanya upya, safari hii umegawanyika kwenye komiti nyingi. Hata `--rebase-merges`, iliyokuja na toleo la 2.18 mwaka 2018, inaufanya muungano upya na haibebi suluhisho la mkono. `git rerere` inaweza kulikumbuka suluhisho na kulirudia, na tunaitumia, ila inakumbuka hata lililokosewa, kwa hiyo kila mtu kwenye timu anatakiwa kuijua `git rerere forget`, inayolisahaulisha. Kwa tawi fupi la kazi ya siku moja, `git rebase` haina shida na tunaifanya.

Bado kuna aina moja ya kosa ambayo hakuna chochote kati ya haya kinachoiona. Mmoja anabadilisha jina la `andika_malipo`, mwingine kwenye faili tofauti kabisa anaongeza sehemu mpya inayoliita kwa jina la zamani. Hakuna mgongano, muungano unapita wenyewe, `--remerge-diff` inatoka tupu kwa haki kabisa, na mfumo umevunjika. Kwa hiyo majaribio yetu sasa yanaendeshwa juu ya matokeo ya muungano wenyewe kabla haujaingia tawi kuu, na tawi kuu likisogea katikati, yanaendeshwa upya. Inaongeza muda wa kusubiri, na waliokuwa na haraka walinung'unika. Jaribio la muamala uliojirudia liko kwenye faili lake peke yake sasa, lenye maelezo juu yake yanayosema lilipotea lini na lilipotelea kwenye muungano upi.